Nusu ya Masharubu

Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Nasema mapema ili mtu asisumbuke kunitafuta kwenye orodha ya wasomi. Wasomi mimi nimewanyoa. Nimenyoa mahakimu, mapadri, walimu wa chuo, na daktari mmoja aliyekuwa akisinzia kila nilipogusa shingo yake. Wote wakikaa kwenye kiti changu wanainamisha kichwa. Cheti kinachozidi hicho sijakiona.

Mimi ni kinyozi wa Gisenyi, Rwanda, mpakani na Goma, na kwa miaka kadhaa sasa ni mwenyekiti wa chama cha vinyozi wa mji huu. Wanachama wananiita Perezida. Mke wangu ananiita Perezida pia, lakini yeye anapotaka nitoe takataka.

Kazi hii niliianzia Goma, ujana wangu, kwenye mstari wa vinyozi waliokaa chini ya mabati karibu na soko. Hakuna aliyenikaribisha. Walinipa ufagio. Mwaka mzima nikafagia nywele za watu nisiowajua, na siku nilipoomba mkasi wakaniuliza kama nimemaliza kufagia. Nywele za saloni haziishi kufagiwa, kila kinyozi analijua hilo. Donc, yaani basi, tulipokuwa tumesharudi Rwanda na wenzangu wakanichagua kuwaongoza, neno langu la kwanza lilikuwa hili: katika chama changu hakuna mgeni atakayepewa ufagio. Atapewa kichwa. Na kichwa chenyewe ni changu.

Ikawa desturi. Mwanachama mpya anakuja kwenye mkutano wa Jumatatu, ndiyo siku yetu ya kupumzika, katika chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja. Mimi nakaa kwenye kiti katikati, nafungwa kitambaa shingoni. Mgeni anawasha mashine, ananinyoa mbele ya wote. Wanachama wanapiga makofi matatu, sekretere anaandika kwenye daftari kwamba fulani amenyoa, mgeni anapewa karti ya chama, na tunakula viazi vya Mudende na mishikaki. Hotuba sitoi. Mtu akikuachia wembe juu ya mshipa wake, hotuba ya nini tena?

Mpango ulikuwa na kasoro moja. Chama kilikua, nywele hazikukua.

Mwanzoni nilikuwa nazo nyingi. Wa kwanza walinyoa mpaka mashine ikapata moto. Baadaye utosi ukaanza kung'aa, nikasema si kitu, pembeni zipo. Kuna mwezi walikuja wageni watatu, kila Jumatatu mmoja. Wa tatu alipewa sehemu ya nyuma ya sikio la kushoto, na alifanya kazi nzuri sana kwa nafasi aliyopata. Kisha pembeni nako kukaisha. Mimi niliendelea kukaa kwenye kiti. Wageni waliendelea kuwasha mashine na kuipitisha juu ya ngozi kutoka shingoni mpaka kwenye paji, polepole, kwa heshima, wakipuliza nywele ambazo hazipo. Mmoja alinionyesha kioo nyuma ya kichwa akaniuliza kama nimeridhika. Nilimwambia apunguze kidogo upande wa kulia. Akapunguza.

Sikuona ajabu yoyote. Nasema kweli. Mtu akipigiwa makofi kila anapokaa, anaacha kujitazama.

Halafu alikuja mama mmoja.

Alikuwa ametoka Goma, baba yake mtu wa hapa, mama yake wa kule, na amenyoa wanaume wa Goma miaka mingi mpaka mkono wake unajua kichwa kabla ya jicho. Alifikia kwa dada yake, mtaa wa Nengo, akawa ananyolea wateja uani. Upepo wa ziwa ukawa unachukua nywele na kuzipeleka kwenye sufuria za majirani. Mwenye nyumba alimpa mpaka mwisho wa mwezi aache kazi hiyo au ahame. Wakati huo jengo jipya la soko lilikuwa limetenga mstari wa vyumba kwa vinyozi, na kilikuwa kimebaki chumba kimoja. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, na ofisi ya soko ilitaka vitu viwili: karti ya chama chetu, na vyombo vyako mwenyewe wavione kwa macho. Bila chumba kile hakuwa na mahali pa kuweka kiti. Alituambia hayo yote kwenye mkutano wa Jumatatu, kwa sentensi mbili, na akaketi.

Nilimpenda hapohapo. Nikajifunga kitambaa mwenyewe, nikakaa.

Aliwasha mashine. Akanizunguka mara moja. Akanizunguka mara ya pili kinyume. Akaweka kiganja kwenye utosi wangu na kukitelezesha taratibu mpaka kisogoni, kama mama anayechagua boga. Kisha akazima mashine.

"Muzee, munisamehe," akasema. "Hapa kazi hakuna."

Mwenzetu mmoja akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ni desturi, apitishe tu. Wengine wakamsaidia: pitisha tu mama, haichukui muda, sote tulipitisha.

"Nikipitisha bure, nitakuwa nimeingia kwa uongo," akasema. "Mi natafuta chumba, uongo sitafuti. Uongo nilikuwa nayo mingi kule Goma, niliacha yote bariyeri, pale mpakani."

Nilikasirika, sifichi. Niliona masikio yangu yamepata moto. Nilitaka kumwambia kwamba nimenyoa watu kabla mama yake hajajua ataolewa. Lakini badala yake niliwageukia wale wengine nikawauliza nyinyi mlinyoa nini. Mmoja aliinama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa ndala.

Hapo ndipo sekretere wetu aliposimama. Huyu alirudi kutoka Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama kola iliyopigwa pasi, na ni mtu ambaye hawezi kuliacha jambo lifie mahali lilipozaliwa.

"Ndugu zangu," akasema, "tumeingia kwenye tatizo la katiba. Bila nywele hakuna kunyoa. Bila kunyoa hakuna kukaribishwa. Bila kukaribishwa hakuna uanachama. Sasa naomba kuuliza: nywele za Mwenyekiti ziliisha lini?"

Tulikaa na swali hilo mpaka viazi vikapoa. Daftari likafunguliwa, majina yakasomwa moja baada ya jingine. Wa nyuma ya sikio alisimama akaapa kwamba yeye alikata nywele za kweli na alizikanyaga kwa mguu wake mwenyewe. Aliyemfuata alisema na yeye alikata, nywele tano au sita, lakini nyeupe, kwa hiyo hazikuonekana. Mwingine alitoa simu, akatafuta picha ya siku yake, na wanaume tisa wakainamia kioo cha simu wakivuta kichwa changu kwa vidole kukikuza, wakitafuta unywele. Walipata mmoja. Baada ya mabishano marefu ikaonekana ni wa kwenye kitambaa.

Mwisho wakatokea sita ambao, kwa hesabu yoyote, walinyoa ngozi tupu. Sita hawa walikuwa wamelipa michango, wamezika pamoja nasi, mmoja ndiye mwenye kushika ufunguo wa kabati letu. Na sasa sekretere anasema hajui waitwe nani. Wale wa zamani wakaanza kukaa upande wa dirisha, na kuwaita wenzao wageni. Mmoja wa hao sita alinijia kesho yake saloni akasema kama yeye si mwanachama, basi na mimi si mwenyekiti, kwa sababu kura yake ndiyo iliyonirudisha. Nilimwambia atoke. Alitoka, lakini neno lake lilibaki kwenye kiti.

Na yule mama? Karti yake ilikaa mfukoni mwangu, imeandikwa jina, haina sahihi. Jumanne alipita mbele ya saloni yangu akanisalimia vizuri, hakuuliza kitu. Jumatano vilevile. Ningekuwa na moyo mwepesi kama angeuliza.

Alhamisi nilikuwa mezani na mke wangu, nikamweleza yote kwa mara ya nne. Nikasema kusaini bure siwezi, maana hata wale sita walau walishika mashine. Nikasema kubadilisha desturi kunahitaji mkutano mkuu, na mkutano mkuu uko mbali. Nikasema laiti ningekuwa na nywele hata kidogo. Yeye alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho.

"Perezida," akasema, "nywele iko chini ya pua yako."

Lazima nieleze masharubu haya. Nilianza kuyafuga nikiwa na miaka ishirini, siku ile niliyoacha ufagio na kushika mkasi. Hakuna mkono mwingine uliowahi kuyagusa. Kila Jumapili kabla ya misa nilikuwa nasimama mbele ya kioo na mkasi mdogo, nayakata mwenyewe. Watu walikuwa wakinitupia msemo kwamba kinyozi hajinyoi, nami nikiwajibu kwamba msemo huo ulitungwa na mtu asiye na kioo kizuri. Kila kitu nilichonacho nimejifanyia mwenyewe: nyumba, saloni, jina. Masharubu yalikuwa muhuri wake.

Nililala nayo usiku huo wa mwisho nikiyashika.

Ijumaa asubuhi niliita komite na wale sita. Nikawaambia masharubu yangu yamewekwa mezani. Sekretere akafurahi, kwa namna yake, yaani akafungua ukurasa mpya. Tukapanga hivi: upande wa kulia ni wa wale sita, kila mmoja mkasi mara moja, na upande wa kushoto wote ni wa yule mama, kwa sababu mgeni hali makombo. Nywele zitakazokatwa zitabandikwa kwenye daftari kwa gundi, ili swali hili lisirudi tena maishani mwetu.

Sita wakajipanga. Kila mmoja alikuja na mkasi wake, akakata, makofi matatu, gundi. Yule aliyenitishia kura alikata kidogo kuliko wote. Wa sita alimalizia kwa wembe, akaniachia ngozi nyororo. Nikajitazama: upande wa kulia wa uso wangu ulikuwa mvulana wa komunyo, upande wa kushoto ulikuwa mwenyekiti.

Tukamsubiri yule mama. Alikuwa amevuka alfajiri kwenda Goma kuchukua vyombo vyake, kwa sababu ofisi ilitaka kuviona, na alisema saa sita atakuwa amerudi. Saa sita ikapita. Saa saba. Wateja wangu wakaja, nikawanyoa na uso ule ule. Mmoja alikaa dakika nzima akiniangalia kwenye kioo, kisha akasema yeye leo anataka kusafishwa shingo tu.

Saa nane na nusu simu ikalia. Alikuwa ni yule mama, kwa simu ya kuazima, yuko Grande Barrière, kivuko kikubwa cha mpaka, upande wetu. Ndani ya begi lake kulikuwa na mashine nne, makasi saba na nyembe za kukunja, na afisa wa forodha alitaka kujua kama ni vyombo vya kazi au ni bidhaa. Amemjibu ni vya kazi. Afisa, kwa haki yake, akauliza kazi gani, wapi, na nani anamjua. Hana karti. Akataja chama. Afisa akasema basi wa chama aje.

Mke wangu alipenda nimalizie upande uliobaki kabla ya kutoka mbele za watu. Nikamwambia ule upande si wangu tena.

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, kofia imeshushwa kioo, sekretere nyuma kwenye moto ya pili amekumbatia daftari. Tulipofika ilibidi kofia nivue. Pale bariyeri siku ya Ijumaa watu ni wengi, wamama na mabeseni yao, wa kwenda na wa kurudi. Vicheko vilianza mbali vikanifuata kama mbuzi wanaomfuata mwenye chumvi. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya akaniita kwa heshima zote.

"Papa, nusu ingine imebaki Goma? Ilikosa karatasi ya kupita?"

Mwenzake akamwambia aniache, labda ninavuka kidogo kidogo.

Afisa alikuwa kijana safi, mwenye adabu. Nikamwambia mimi ndiye mwenyekiti, namjua huyu mama, ni wetu. Akaomba kitambulisho. Akaangalia picha: mwanamume mwenye nywele kama msitu na masharubu kutoka shavu mpaka shavu. Akaniangalia mimi. Akageuza kitambulisho, labda mimi niko nyuma. Akamwita mwenzake. Wakaniomba nigeuke upande wa kushoto, nikageuka, wakakubali kidogo. Wakaniomba nigeuke kulia, wakaghairi.

"Muzee," akasema afisa, "huyu wa kwenye picha namuona nusu. Nusu ingine simujui."

Sekretere akafungua daftari ili kumweleza tangu mwanzo, na akaanza kweli tangu mwanzo: katiba, desturi, nywele, ngozi tupu, wale sita. Alimwonyesha ukurasa wenye masharubu yaliyobandikwa, kila fungu na jina lake chini. Afisa alisoma yote. Nilimwona akitafuta mahali pa kuanzia kuuliza, akakosa.

Saa ya ukutani ilikuwa inasema tisa na dakika arobaini. Yule mama alikuwa ameketi na begi lake miguuni, anaitazama saa ile. Uso ule niliujua. Ndio niliokuwa nao mimi chini ya mabati ya Goma, na ufagio.

Nikamwambia afisa: kijana wangu, hujui kama vyombo hivi ni vya kazi, na hujui kama mimi ni mimi. Mpe mama huyu mkasi mmoja na wembe mmoja, utajua vyote viwili.

Alifikiri. Akasema ndani haiwezekani. Nje, kwenye benchi, mbele ya macho yake, mkasi mmoja na wembe mmoja, na yeye amesimama hapo. Mtu wa haki, nasema tena.

Nikakaa. Mama akafungua mtandio wake akaufunga shingoni kwangu. Mwenye nyanya akatoa chupa ya maji bila kuombwa. Watu wakasogea, hata wale waliokuwa kwenye mstari, na nadhani kwa dakika chache hakuna aliyetaka kwenda nchi yoyote.

Aliniinua kidevu kwa vidole viwili. Miaka yote ile nimeinua videvu vya watu. Changu sikuwahi kukiona kikiinuliwa. Nilitaka kumwelekeza, aanze chini, afuate nywele zinavyolala.

"Muzee, nyamaza," akasema. "Ukiongea nitakukata, na leo sina wakati ya damu."

Nikanyamaza. Mkasi wake ulikuwa mwepesi, ulisikika zaidi kuliko ulivyohisiwa. Kisha wembe, mara tatu, na maji. Sekretere alikuwa amepiga goti anapokea nywele kwenye karatasi kama mtumishi wa altare. Mama akapangusa, akanigeuza kulia na kushoto, halafu akaniinamia sikioni na kuvuta kitu.

"Kumbe ndiyo huku nywele zako zilikimbilia," akasema, akakata tatu za sikio bila kuhesabiwa kwenye mapatano.

Sekretere akapiga makofi matatu. Bariyeri nzima ikapiga. Afisa akaangalia tena kitambulisho, akasema sasa hafanani kabisa na picha, lakini kazi ameiona, akaandika kwamba vyombo ni vya ufundi na akatupa karatasi. Tulipokuwa tunaondoka alimuuliza mama, kwa sauti ya pembeni, chumba chake sokoni kitakuwa ghorofa ya ngapi, huku anajishika kidevu.

Nilisaini karti juu ya tangi la moto.

Ofisi ya soko tulifika karani akiwa ameshika kofia ya kalamu mkononi, anataka kuifunga. Mama akaweka begi mezani, akalifungua, vyombo vikaonekana. Akaweka karti. Karani akaomba na kumbukumbu za chama, tarehe ya kukaribishwa. Sekretere akafungua daftari kwa haraka iliyozidi, na gundi ya bariyeri ilikuwa haijakauka. Upande wangu wote wa kushoto ulimwagika juu ya orodha.

Karani alizitazama nywele zile, akatutazama sisi, akamtazama mwanamume mwenye uso mpya kama yai. Alipuliza mara moja, akapuliza mara ya pili, nafasi ikapatikana, akaandika jina la mama kwenye mstari wa mwisho.

Kurudi nyumbani nilimkuta mke wangu uani. Alinisalimia vizuri akaniuliza namtafuta nani.